Oili ya Mashineni

Wiki iliyopita gari langu lilianza kugonga. Mlio mdogo tu, tik-tik-tik, kama mtu anayegonga kucha mezani akisubiri umalize kusema. Kijana wa gereji akachomeka kikompyuta chake, akatazama kioo, akaniambia, "Mama, hapa kamshafti inaanza kuisha." Mwenzangu, nilihisi uso unawaka. Yule kijana akadhani nimeogopa gharama, akaanza kunituliza. Angejuaje? Neno hilo nililisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, Ifakara, na mpaka leo nikilisikia naona aibu, aibu ambayo hata si yangu mwenyewe, lakini nimeibeba kama ya kwangu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikaa Kibaoni, hapo hapo Ifakara, nyumba yetu ikiwa nyuma kabisa ya mashine ya kukoboa mpunga. Ukiniuliza utoto wangu ulikuwaje, nitakuambia ulikuwa tuku-tuku-tuku kutwa nzima, na pumba. Pumba kwenye nywele, pumba kwenye mtungi wa maji, pumba kwenye shuka. Bibi alikuwa akisema kwamba katika nyumba ile hata ndoto zina pumba. Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja, na kabla sijaweka fagio chini, vumbi limesharudi. Lakini nisilalamike sana, maana mashine hiyo hiyo ilitulisha. Chenga za mchele tulipewa bure, na bibi alizipika na samaki wakavu wa mtoni, na mpaka leo wali mzima mzima haujawahi kunipa utamu ule.

Baba alikuwa fundi wa magari pale pale uwanjani, pembeni ya mashine. Alikuwa fundi mzuri, sikatai, ila sifa zake alizitangaza mwenyewe, hakusubiri mtu. Gari likiwaka baada ya yeye kuligusa, atazunguka huku akijifuta mikono na kuwauliza akina mama waliopanga foleni na magunia yao, "Mmesikia hiyo? Mmesikia?" Nao wanaitikia, "Tumesikia, fundi!" Mimi nilikuwa najiona mtoto wa mtu mkubwa. Nilitembea kifua mbele.

Gari alilolipenda kuliko yote lilikuwa pikapu kuukuu ya mama mmoja muuza mchele. Lilibeba abiria na magunia mpaka kwenye pantoni, likavuka mto, likafika Lupiro na kurudi. Dereva wake alikuwa kijana mpole wa huko Lupiro. Baba ndiye aliyemfundisha kuendesha, na alipooa baba akawa msimamizi wake wa ndoa kanisani. Sisi watoto tulimwita mjomba. Akirudi safari hakukosa kutuletea miwa.

Sasa, kabla ya masika mwaka huo, baba aliifungua injini ya ile pikapu na kuifunga kamshafti mpya. Hiyo kamshafti ni chuma kirefu chenye manundu. Kikizunguka ndani ya injini, kila nundu linasukuma valvu yake ifunguke, na injini inavuta pumzi. Nundu likilika, valvu haifunguki vya kutosha na gari linakosa nguvu. Haya nayajua kwa sababu baba alimweleza kila aliyepita, hata waliokuja kukoboa mpunga wao tu.

Mvua zikaanza. Wewe unayepita leo kwenye lami hutaelewa, lakini masika ya wakati ule malori yalikwama njiani, na bidhaa za mjini hazikufika, oili ya injini ikiwemo. Mafundi wa kwetu walikuwa na njia yao. Mashine ya kukobolea ilikuwa na injini kubwa ya dizeli, na oili yake ikimwagwa ilitiwa kwenye pipa, ikaachwa itulie, ikachujwa, ikatiwa kwenye magari. "Oili haifi," baba alipenda kusema, "inachoka tu, ipumzishe." Mama ndiye aliyeichuja, kwa kitambaa alichokuwa akichujia tui. Akimaliza anainua dumu juani na kusema, "Tazama ilivyo safi, jamani." Baba akampa dereva dumu hilo, awe anaongezea kila oili ikipungua.

Masika hayakuwa yameisha, pikapu ikaanza kugonga. Baba akarekebisha nafasi za valvu, mlio ukakoma, baada ya siku chache ukarudi. Akarekebisha tena, ukarudi tena. Gari likashindwa kupanda hata kile kilima cha pantoni, abiria wakawa wanashuka na kulisukuma. Ndipo baba alipovua kifuniko cha juu ya injini, akaizungusha taratibu kwa spana huku akitazama valvu zikipanda na kushuka. Zote zilipanda vizuri, isipokuwa mbili. Hizo zilinyanyuka kivivu, kama mtoto anayeamshwa aende shule. Akaitoa kamshafti, na loo! Manundu mawili yalikuwa yamelika, yamebaki bapa kama kipande cha mwisho cha sabuni ya kufulia.

"Kamshafti mpya haifi kwa msimu mmoja," baba alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye foleni. "Hii imekaushwa. Oili niliyokupa umemuuzia nani?"

"Mzee, nilikuwa naongezea kila siku," dereva akajibu.

"Basi ilinywewa na nani? Na mamba?"

Watu walicheka. Bibi mwenyewe alicheka. Dereva alifungua kinywa, akamtazama baba, halafu akatazama chini na kunyamaza. Ukimya ule ndio uliommaliza, maana watu waliuona ni wa mtu aliyekamatwa. Jioni hiyo hiyo yule mama mwenye gari akamnyang'anya ufunguo, na hata kabla dereva hajavuka mto kurudi kwao, wapagazi wa pantoni walikuwa wameshampa jina. Walimwita Oili.

Baba akafunga kamshafti nyingine. Gari akapewa mtoto wa kumzaa wa yule mama, na oili ikaendelea kutoka kwenye pipa lile lile. Mavuno hayajaisha, tik-tik-tik, imerudi. Safari hii hakukuwa na wa kuitwa mwizi, maana nani angethubutu kumwambia mama wa watu kwamba mwanawe anauza oili?

Siku hiyo nilikuwa nimempelekea baba chakula. Alikuwa amemwaga oili ya pikapu kwenye beseni. Akachovya kidole, akasugua kwa dole gumba, akasita. Akaweka kidogo katikati ya meno ya mbele na kung'ata. Nilisikia mwenyewe mkwaruzo, ule ule wa kutafuna wali wenye mchanga. Baba akatema, akasimama, akaenda mashineni. Lile pipa lilikuwa wazi, halina kifuniko, chini ya tundu linalotema pumba. Akazamisha mkono mpaka begani, akauleta juu na tope zito jeusi kama uji wa ulezi. Vumbi la pumba. Vumbi hilo hilo bibi alikuwa akisugulia masufuria mpaka yanang'aa, kumbe baba alikuwa akilitia kwenye injini, dumu kwa dumu, nalo likasugua manundu mpaka yakaisha. Kitambaa cha tui kingezuia nini?

"Mungu wangu," alisema, akakaa juu ya tairi. Chakula hakukigusa.

Jumapili, tulipotoka misani, akanipakia kwenye baiskeli tukavuka kwenda Lupiro. Nadhani alinichukua ili asigeuke njiani. Tulimkuta dereva ametoka shambani, miguu ina matope, anafanya vibarua vya kupalilia mpunga wa watu. Alipotuona alikimbia kuja kuipokea baiskeli. "Shikamoo mzee!" Mkewe akatutandikia mkeka, akamkimbiza kuku. Haki ya Mungu, kuku mwenyewe ndiye peke yake niliyemwona pale uani. Nilitamani baba awakataze. Hakuwakataza.

Tulipokwisha kula ndipo baba alipolisema, huku akitazama mkeka. "Haikuwa wewe. Ni oili yangu. Ina pumba."

"Najua, mzee," dereva akasema.

Baba akainua uso. "Unajua?"

"Nilikuwa naona kwenye kijiti cha kupimia oili, kila asubuhi. Kina chenga chenga. Lakini wewe ndiye uliyenishika mkono kanisani, ningekubishia vipi mbele za watu?"

Baba akasema kwamba kesho yake atasimama pale pale mashineni awaambie wote. Dereva akatikisa kichwa. "Acha tu, mzee. Kazi imeshapata mtu. Ukisema hivyo, nani atakuletea gari tena? Una watoto." Akanitazama, akatabasamu.

Nilikuwa nikimwomba Mungu kimoyomoyo baba akatae. Aseme hapana, nitasema. Baba akasema, "Asante, mwanangu."

Ndugu yangu, nimewahi kuona mengi, lakini ile asante sijaimeza mpaka leo. Yule mama mwenye gari akaambiwa kwamba kamshafti zilikuwa za bandia, lawama ikatupiwa duka la mbali lisilo na kosa. Pipa likahamishwa. Baba hakuuliza tena mtu yeyote kama amesikia. Watu walisema fundi amekua, siku hizi ana busara. Mama alijua, bibi alijua, na nyumbani kwetu neno Lupiro lilikuwa halitajwi. Nami nilifagia uwanja kichwa chini.

Mwaka jana nilialikwa harusi Lupiro. Unavuka kwa daraja sasa, hata mto huutazami vizuri. Mashine za kukoboa ni za umeme, na uwanja wa baba umejaa maduka ya simu. Baba tulishamzika. Nikasema hebu nikamsalimie mjomba. Nikamuuliza kijana wa bodaboda kwa jina la ubatizo, hakumjua. Nikaeleza, nikazunguka, wapi. Mwisho ikanibidi nilitamke mimi mwenyewe: "Mzee Oili."

"Aa, Mzee Oili! Si ungesema hivyo, mama?"

Mjomba alikuwa amefariki. Nilimkuta mjukuu wake, kijana mchangamfu, akanipa kiti. Akaniambia babu yake aliitwa Oili kwa sababu aliyajua sana magari. Halafu akaniuliza mimi ni binti wa nani. Nilipomtaja baba, alipiga makofi. "Yule fundi wa Kibaoni! Babu alikuwa akituambia, fundi wa kweli bonde hili lote alikuwa mmoja tu."

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mwanangu, babu yako hakuuza ile oili."

Akanitazama, bado anatabasamu. "Oili gani, mama?"

Ikanibidi nianze mwanzo, nimwambie kwanza kwamba babu yake aliitwa mwizi, na aliyemwita ni baba yangu.