Sindano Niliyoikataa

Nilikuwa mwalimu wa biolojia Bukavu, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la seli zinazofunika mishipa midogo ya ubongo kwa ndani. Niliwachorea wanafunzi jinsi zilivyoshikana bega kwa bega ili vijidudu vya damuni visipite. Sikujua bado kwamba hazisimami tu kama ukuta: vijidudu vya homa ya uti wa mgongo vikizigusa, hutoa ishara na kuita chembe nyeupe za damu zije kupigana.

Wakati wa vita vya pili vya nchi yetu, binti yangu wa miaka sita alishikwa na homa, akatapika, shingo ikakakamaa. Mimi na mke wangu tulimbeba kwa zamu kutoka mtaa wetu wa Kadutu mpaka hospitalini, maana magari yalikuwa yamefichwa askari wasiyachukue.

Muuguzi, mama mmoja mwenye sauti kali, alimtazama mara moja tu.

"Papa, tunapashwa kutoboa mugongo na sindano, tutoe maji kidogo, tuone kama iko méningite, ile homa ya uti wa mugongo. Dawa yenyewe imebakia kidogo, hatuwezi kuitoa bila kujua."

"Hapana," nikasema.

Mtaani kwetu kila mtu alikuwa na jirani aliyetobolewa mgongo akafa. Hakuna aliyejiuliza kama jirani huyo alifika hospitalini akiwa tayari anakufa. Mimi, na diploma yangu ukutani, nilijua vizuri, na bado niliogopa kama wao. Mke wangu alinivuta shati.

"Wewe njo unafundishaka hii mambo! Acha bamutoboe!"

Nikamwambia anyamaze. Mpumbavu mkubwa mimi! Tulikaa hivyo hadi kesho yake alasiri, mtoto alipoanza kutetemeka mwili mzima. Hapo nikatikisa kichwa kukubali. Maji yalitoka na ukungu, kama ya kuoshea mchele. Seli zake zilikuwa zimeita na kupigana siku nzima bila msaada, kwa sababu baba alikuwa mwoga.

Dawa ikaingia, homa ikashuka. Tuliporudi nyumbani majirani walikuja kumshukuru Mungu pamoja nasi, nami nikapokea pongezi bila aibu.

Siku chache baadaye, mchana, risasi zikaanza kulia mlimani juu yetu. Mimi na mke wangu tulijitupa chini ya meza. Binti yetu alibaki dirishani, ametugeuzia mgongo, akisuka nywele za hindi bichi alilolifanya mtoto wake. Nilimwita kwa nguvu zangu zote. Aliendelea kusuka, hasikii risasi wala sauti yangu.