Upande wa Wageni, Nyuma ya Goli

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimelala chini ya turubai la kambi miaka kumi na minne. Nchi hii nimeingia na begi moja la plastiki na darasa la nne kichwani, na leo nina karakana Wetherill Park, mtaa wa viwanda, malori matatu na watu kumi na mmoja wanaonitegemea kila Alhamisi, siku ya mshahara. Tunakusanya paleti, zile mbao za kupangia mizigo ghalani, tunazigonga misumari upya na kuziuza. Wenye digrii zao walizipita kila asubuhi wakaona takataka. Mimi nikaona nyumba, na nyumba nimejenga. Sasa mtu kama huyo utamshangaza na nini?

Jumamosi ile ilikuwa ya Julai, mvua nyembamba na upepo wa kukata masikio. Timu yetu ilikuwa ugenini. Nikisema timu yetu, usifikirie uwanja wa taifa. Ni vijana wa Kirundi, wengi wao usiku wanaogesha wazee katika nyumba za kutunzia wazee na mchana wanacheza mpira, pamoja na Wakongo wawili wasiopenda kutoa pasi. Ligi yenyewe ni ya chini kabisa. Ukishuka pale unaangukia kwenye bustani ya watoto. Jezi niliwanunulia mimi. Jina la kampuni yangu liko kifuani, kubwa kuliko namba ya mgongoni, kwa sababu mimi ndiye niliyetaka liwe hivyo.

Kigoma, dada yangu alikuwa wiki ya tatu hospitalini. Huyu si dada wa kusema dada tu. Wazazi wetu waliishia njiani tulipokimbia. Yeye alikuwa na miaka kumi na mitano, mimi sita, akanibeba mgongoni mpaka tukavuka mpaka. Kambini aliuza mgao wake wa mafuta ili mimi nipate daftari, na ile shule nikaitoroka. Sasa figo zake zilikuwa zimegoma. Nililipa kila kitu: chumba cha peke yake, dawa, mama wa kumfulia nguo. Yeye mwenyewe alikuwa na swali moja tu. Kila tulipoongea aliniuliza nakuja lini. Nami nilimjibu kwamba nina kontrakti ya ghala moja kubwa, wiki mbili tu, nikimaliza nakuja na kumhamishia Dar. Kusema kweli niliogopa kumwona amekonda. Kutuma ni rahisi kuliko kwenda, na kutuma nilikuwa hodari.

Na simu za mwanawe, mpwa wangu, nilikuwa nimezizima sauti. Alipopiga, mara nyingi lilikuwa hitaji jipya, na siku ya mechi sikutaka kusikia mahitaji.

Uwanja wao uko nyuma ya reli, ukishapita Lidcombe. Jukwaa ni moja, la mabati, na ni la wenyeji. Mlangoni bibi mmoja anakusanya viingilio ndani ya kopo la biskuti. Kuna kibanda cha soseji na vitunguu, na bomba la chuma kuzunguka uwanja mzima, limeinama pale watu wanapopenda kuegemea. Wageni wanasimama nyuma ya goli, karibu na mapipa ya taka, kwenye matope. Mimi napenda hivyo. Ugenini unapiga kelele peke yako, na adui anakusikia.

Katibu wa timu alinipokea mlangoni akanilipia kiingilio. Huyu katibu ni kijana wa nyumbani, tumetoka kambi moja, na katika miaka sita sijamwona akimlipia mtu hata chai. Kisha akaleta kiti cha kukunja, kimoja, akakiweka nyuma ya goli na kuniomba nikae. Wake za wachezaji walinifunika blanketi magotini. Wakanipa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yao, wakanipa mkate na soseji. Hakuna aliyenidai mchango wa maji wala wa refa, ambao kila wiki hunidai kabla sijazima lori. Nikajiambia, naam, hatimaye wameelewa ni nani anayeibeba timu hii. Nikakaa kama chifu.

Jirani yangu kwenye bomba alikuwa mzee wa wenyeji, Mzungu mwenye mbwa mnene na kofia ya rangi za klabu yao. Alinichokoza mapema. Aliniambia jina kifuani mwa jezi ni zito mno, ndiyo maana vijana wangu hawakimbii. Nikamwambia paa la jukwaa lao linavuja, aje karakana nimpe mbao za bei nafuu. Akacheka, nami nikacheka. Tukaelewana.

Mapumziko yalikuta bado hakuna goli. Mke wa katibu alinijia moja kwa moja. Yeye ni Mkenya, nesi wa hospitali kubwa, mwanamke asiyezunguka maneno.

"Shemeji, simu yako iko wapi?"

"Mfukoni."

"Hebu itoe uiangalie."

Mkono mmoja ulikuwa na kikombe, mwingine na soseji. Kabla sijaamua niweke kipi chini, mumewe akamwita kwa sauti ya chini, akaenda. Niliwaona wakibishana kando ya mapipa, yeye akionyesha saa ya mkononi, mume akitikisa kichwa. Nilidhani ni ugomvi wa nyumbani. Nikawapigia kelele wakamalizie chumbani kwao. Hawakucheka. Na mimi nikamalizia soseji.

Kipindi cha pili kikaenda kwa muda, kisha tukafunga. Mpira ulimpita kipa wao miguuni, mbele ya macho yangu, nikaruka kutoka kwenye kiti na blanketi likaanguka matopeni. Yule mzee wa mbwa hakuwa anaangalia goli. Aliniambia taratibu, kwa Kiingereza chake cha puani, kwamba watu wangu ni wa ajabu: wamefunga, na kabla ya kushangilia wameniangalia mimi kwanza.

Nikageuka. Wake za wachezaji, wachezaji wa akiba, katibu, wote mikono ilikuwa nusu juu na macho yalikuwa kwangu. Hata mfungaji, akirudi katikati, hakuwa anarukaruka.

Hapo nikajua. Kwetu mtu hapewi habari nzito akiwa amesimama, wala mahali pa mchezo, wala na mdogo wake. Anakalishwa, analishwa kitu, watu wanajaa, kisha mkubwa anafungua mdomo. Mimi mwenyewe nimeshamfanyia mtu hivyo: nilimzungusha mitaa ya Auburn saa moja na nusu nikisingizia natafuta matairi, mpaka watu wakatosha nyumbani kwake. Na mimi sasa nilikuwa nimekalishwa, nimelishwa, nimefunikwa blanketi.

Sikuenda kwa wanaume. Nilienda kwa nesi nikamuuliza ni nani.

"Ni dada yako," akasema. "Lakini hajafa, shemeji. Mpwa wako alitupigia sisi saa saba kwa sababu wewe hushiki simu. Alisema mama ako macho na anakuitisha, anataka sauti yako. Nimewaambia hawa watu tangu saa saba."

Katibu alikuwa ameshafika, mvua inamtiririka usoni.

"Tulikuwa tunamngoja mzee wetu wa jumuiya aje akuambie," akasema. "Zamu yake kazini inaisha saa kumi. Mimi ni mdogo kwako, kaka. Ningekuambiaje hapa, kwenye matope?"

Nilitoa simu. Mpwa alikuwa amepiga mara kumi na tisa. Vidole vilikuwa na mafuta ya soseji, kioo kikakataa kunisikia mpaka nikakifuta kwa tumbo la jezi niliyovaa. Alipokea mara moja.

"Mjomba, umechelewa," akasema. "Saa mbili na robo."

Saa mbili na robo asubuhi ya Kigoma ni saa tisa na robo ya kwetu. Wakati huo kipindi cha pili kilikuwa kimekwenda robo saa. Nilitazama saa ya kibanda cha soseji: saa tisa na dakika thelathini na moja.

Nikamuuliza dada alisema nini. Mpwa akasema kwamba kuanzia alfajiri mama yake alikuwa akiuliza kama nimepatikana, naye akamdanganya kuwa ninaendesha lori, maana hakujua amwambie nini. Na mama yake akamjibu: "Basi mwache, asije akapata ajali."

Mechi iliisha tukiwa tumeshinda moja bila. Vijana walikuja wakasimama kwenye matope, jina langu kwenye vifua vyao kumi na moja, hakuna aliyejua aweke wapi mikono. Mzee wetu alifika saa kumi na dakika kadhaa kutoka kazini, bado ana shati la sare ya nyumba ya wazee na kadi shingoni. Walimnong'oneza kuwa nimeshajua. Hilo halikumzuia. Alinikalisha tena kwenye kile kiti, akawapanga watu nyuma yangu, akanisimulia habari yote toka mwanzo kama sijaisikia: kwamba dada yako alikuwa anaumwa, kwamba madaktari wamejitahidi, kwamba Mungu amempenda zaidi. Nami nilisikiliza mpaka mwisho, nikaitikia kila panapopaswa kuitikiwa. Upande wa pili yule mzee wa Kizungu alikuwa anaondoka na mbwa wake. Aliona watu wameinamisha vichwa, akavua kofia bila kujua ni kwa ajili ya nani.

Katibu nilimchukia mwezi mzima. Sikumpokea nyumbani, na jezi nikatishia kuzirudisha. Kisha hasira ikakosa pa kukaa. Alifanya ambalo mimi ningefanya, na ambalo baba zetu walifanya. Tuna utaratibu wa aliyefariki. Wa anayefariki akiwa mbali, na anayeweza kupigiwa simu, hatuna, kwa sababu zamani anayefariki alikuwa chumba cha pili na ulikuwa unaingia tu. Na tena simu ilikuwa mfukoni mwangu. Nesi aliniambia niitoe. Hili siwasimulii watu.

Niliondoka Jumapili, tukamzika Jumatano. Nilirudi, na kontrakti niliimaliza kwa wakati, bosi wa ghala akanisifu. Watu kanisani bado wananiuliza safari ilikuwaje, na nikianza kutafuta neno la kuwajibu, linalokuja ni bei. Basi nawatajia bei, wanaguna, wanasema nchi hii ni ghali, tunaachana. Tiketi ya kwenda na kurudi, iliyokatwa Jumamosi jioni nikiwa bado nina matope kwenye viatu: dola elfu tatu mia nne na kumi na nane na senti sitini.