Mgongo wa Furaha

Asubuhi ile, kule Goma, nilikuwa napaka rangi kibao cha saluni, na Hiroshi ameketi pembeni akichora kunguru. Alikuwa Mjapani mwembamba ambaye baba yake alimfundisha kuchora maua na ndege kwa wino mweusi, basi. Alikuja kwangu kujifunza rangi. Mke wangu Furaha alipotuletea chai, mwanetu Neema mgongoni, Hiroshi akaacha kunguru akaanza kumchora yeye. Sikupenda. Mimi mwenyewe sikuwahi kumchora. Alikuwepo kila siku, nimchore wa nini?

Saa sita mchana risasi zikaanza. Tukajifungia nyumbani kwangu sote wanne.

Siku ya pili nilisikia penseli ikikwaruza. Wivu ukanichoma kuliko hofu. Nilimtolea Hiroshi maneno makali, akahamia kona nyingine na daftari lake.

Siku ya tatu maji yakaisha.

"Papa Neema, shika mtoto," Furaha aliniambia. "Naenda tu hapo kwa jirani."

Kombora likaangukia njiani.

Tulimzika uani. Gari la kuwahamisha raia wa kigeni likamchukua Hiroshi na daftari lake. Nyumba iliungua pamoja na picha zetu zote. Mimi nilitembea na mtoto hadi mpakani.

Sasa tunaishi Toronto, mtaa wa Weston. Neema amemaliza sekondari, na hajui sura ya mama yake. Hata mimi imenitoka kidogo kidogo, naona aibu kusema. Hiroshi naye amekuwa mtu mkubwa. Aliacha ndege, akaacha wino, akasifika kwa kuchora watu kwa nyekundu na kijani zile zile nilizomfundisha mimi. Nilimchukia. Alikuwa na jina, na nilijua ana uso wa mke wangu.

Alipoleta maonyesho yake hapa mjini, nilimpeleka Neema akamwone mama yake.

Katika picha kubwa kuliko zote, mwanamke amepiga magoti, ametugeuzia mgongo. Picha zote za Furaha zilikuwa za mgongo.

"Uso wake uko wapi?" nilimuuliza Hiroshi, bila hata salamu.

Aliinamisha kichwa. "Papa Neema, ulisema nikimtazama tena utanitoa nje. Hata ukurasa wa siku ya kwanza niliuchana."

Ni kweli nilisema, na nje walikuwa wanapiga risasi.

Neema alisogea ukutani, akachungulia ubavuni mwa picha. Miaka yote hiyo nilimwonea Hiroshi wivu, na sasa ningetoa chochote kama angemtazama mke wangu mchana kutwa.