Kabuti la Gilgil Kisiwani Amu

Mama yangu alizaliwa Amu, kisiwani Lamu, akaolewa na baba akiwa mwali, akaletwa Nakuru kwa gari moshi na hakurudi tena. Mimi nilizaliwa hapa Nakuru, mtaa wa Bondeni, na maji mengi niliyopata kuyaona ni ya ziwa letu lenye ndege wa heroe. Mwaka ule macho ya mama yalianza kuingia ukungu. Akaniita nikiwa kwenye cherehani yangu.

"Athmani, nenda Amu ukamlete dada yangu Mwanaidi. Nataka kuuona uso wake kabla mato haya hayajazima."

Nilikunja uso kwa huzuni kama ipasavyo, lakini moyo ulikuwa ukicheza ngoma. Amu! Kisiwa nilichosimuliwa tangu nikiwa sijui kufunga vifungo!

Asubuhi ya kuondoka, stesheni ya Nakuru ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Nilivaa kabuti langu zito la sufu, nililolinunua Gilgil kwa askari aliyemaliza kazi. Rafiki yangu Wafula, fundi viatu, alinisindikiza akinicheka.

"Wewe Athmani, huko ni moto tupu. Hiyo kabuti unapelekea nani?"

"Wacha maneno. Hata Naivasha sijafika, na meno yanagongana."

Mpaka Nairobi nilijiona mwerevu. Baada ya Voi nilikuwa natiririka jasho, kabuti mkononi, na abiria wa daraja la tatu wakiniuliza kama nimebeba mgonjwa.

Kutoka Mombasa nilipanda lori la bidhaa kuelekea kaskazini. Pale Mtwapa tulivuka kwa kivuko kinachovutwa kwa mnyororo, na wavutaji walikuwa wakiimba na kupiga miguu kwa mpigo mmoja. Niliitikia kwa sauti kubwa wimbo nisioujua hata neno. Baada ya hapo ni matope, vumbi, mto Tana, na tena matope, hadi Mokowe, mahali bara inapokwisha.

Mchana, ndani ya mashua, nilichota maji ya bahari kwa kiganja nikayaonja nione kama kweli yana chumvi. Yana chumvi! Niliyatema, na mashua nzima ikaangua kicheko.

Amu ni vichochoro vya mawe, punda wasiompisha mtu, harufu ya udi na asumini. Nilitembea kinywa wazi. Mzee mmoja alilitazama kabuti akauliza, "Hiyo ni nguo au ni godoro?" Nilicheka pamoja naye, nikaonyeshwa nyumba ya mama mkubwa Mwanaidi.

Nilipiga hodi. Akatokea mama mfupi, mwembamba, mwenye pua ileile ya mama yangu. "Karibu mwanangu, ndoo ukae," alisema, akiniita kwa mkono na kunionyesha baraza la mawe la mlangoni.

Kukaa? Nakuru mtu husema lililomleta hata baiskeli hajaiegemeza. Nikabaki nimesimama, mzigo begani, nikasema kwa furaha zangu zote, "Mama mkubwa, mimi ni Athmani wa Nakuru. Nimeleta habari za mama!"

Sikujua kwamba katika mtaa ule mgeni hukaa, hunywa, hula, ndipo huulizwa habari. Habari inayotolewa kwa kusimama mlangoni ni moja tu: msiba.

Mama mkubwa alijishika kichwa akapiga ukelele. "Ndugu yangu! Laiti ningalimuona mara moya tu! Baridi ya bara ndiyo niliyoiogopa, mimi mpumbavu! Ningalikwenda hata kwa miguu!"

Majirani wakajaa. Bi Rukia wa nyumba ya pili alikwisha kutandika mkeka wa matanga. Nilipiga kelele kwamba hajafa, nani wa kunisikia? Hofu ilinishika. Nikapanda juu ya baraza nikanguruma, "Yu hai! Anakula! Anagomba!"

Kisha kicheko kikatoka uchochoro mzima, isipokuwa kwa mama mkubwa.

"Kwenu bara hamfundishwi kukaa?" aliniuliza, machozi bado mashavuni.

Nilikaa. Nikanywa kahawa chungu, nikala samaki wa nazi mpaka nikafungua mshipi. Ndipo nikaeleza habari ya macho ya mama na ombi lake. Mama mkubwa akainamisha kichwa.

"Namuonea huruma. Lakini baridi ya huko siiwezi, mwanangu. Itaniua."

Nitamwambia nini mama? Bi Rukia, aliyekuwa akikunja mkeka wake, akageuka.

"Mwanaidi, mtaa mzima umekusikia. Umesema hata kwa miguu."

Mama mkubwa alitutazama mmoja mmoja. Halafu akanyoosha mkono kwenye kabuti. "Lete hilo godoro lako."

Tulirudi kwa njia ileile. Tangu Nairobi hakulivua kabuti, na tulipopita Gilgil vilionekana pua na macho tu.

Stesheni ya Nakuru, mama alikuwa amesimama na Wafula, akikaza macho.

"Athmani, dada yangu yuwapi? Na askari huyu ataka nini?"

"Askari ataka umtazame usoni," kabuti likajibu.

Mama alilikamata kwa kola, akalivuta mpaka pua zikakaribia kugusana. Alitazama kwa muda mrefu. Mimi nililia waziwazi, sioni haya kusema.

"Umezeeka, Mwanaidi," alisema mwishowe, akicheka na kulia.

Siku hizi nikiwa na habari, hata iwe tamu namna gani, nakaa kwanza. Ila kabuti langu sijarudishiwa mpaka leo.