Unene Walioushangilia Nkende

Mimba yangu ilipoingia mwezi wa nane, uso ulijaa hadi macho yakabaki vijishimo, na majirani zangu wa Nkende wakanisifia. "Kweli mume anakutunza," aliniambia muuza maandazi. Kwetu mke akinenepa unasifiwa ukoo mzima, na mimi, niliyeolewa nikiwa mwembamba kama ufito, nilifurahi kuliko ninavyopenda kukiri.

Nina lupus. Kinga ya mwili wangu, badala ya kupigana na magonjwa, inanigeukia mimi mwenyewe. Ilianza na viungo, ikaja kwenye ngozi, kisha ikagusa figo. Mimba ya kwanza ilitoka kabla sijajua naumwa nini. Hii ya pili niliitaka kwa udi na uvumba, na daktari alinionya mapema: vidonge usiache, kliniki usikose, na ukivimba njoo siku hiyo hiyo.

Sasa mtu aliyeonywa hivyo anavimbaje akaita kunenepa? Mimi niliweza. Viatu vilipogoma nikavaa ndala za mume wangu. Kichwa kilipouma nikalilaumu jua. Nilikuwa mjinga, tena yule mjinga mbaya, anayejua.

Mama mkwe alikuja kutoka Nyamwaga na mkungu wa ndizi, kunijulia hali. Ni mfugaji, na nadhani ng'ombe wake anawafahamu kuliko wajukuu. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikuwa anatazama miguu yangu. Akachuchumaa, akaubonyeza muundi wangu kwa kidole gumba, akashikilia kidogo, akaachia. Shimo likabaki pale pale.

"Hii siyo nyama," akasema. "Ng'ombe akijaa hivi chini ya taya, tunajua ni maji. Nyama ingerudi. Vaa, twende."

"Mama, kliniki yangu ni wiki ijayo."

"Wiki ijayo utakuwa wapi?"

Nilimkasirikia njia nzima.

Hospitali walikuta presha iko juu na mkojo umejaa protini. Daktari alisema huenda ni kifafa cha mimba kinanyemelea, huenda lupus imewaka kwenye figo, huenda vyote viwili. Kwa macho vinafanana. Wakanilaza, wakanichoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Siku ya tatu presha ikazidi kupanda, wakanipasua.

Nilimsikia kabla sijamwona. Alilia kwa sauti nyembamba, yenye hasira, na mimi nikalia naye bila aibu hata kidogo. Msichana, njiti aliyezaliwa kabla ya siku zake, moyo wake unapiga vizuri. Siku zilizofuata presha yangu ikaanza kushuka, na daktari akasema figo zimepona chupuchupu.

Lakini njiti anahitaji joto la kifua, ngozi kwa ngozi, na mimi siku ile ya kwanza hata kukaa sikuweza. Mama mkwe, ambaye tangu niolewe sijawahi kumwona bila kitambaa kichwani, alifungua vifungo mbele ya manesi, akamlaza mtoto katikati ya matiti yake, akajifunika khanga.

"Nisamehe mama," nikamwambia. "Nilikubishia."

"Lala," akasema. "Mtoto mmoja niko naye kifuani, mwingine yuko hapo kitandani. Leo siondoki."

Nikalala.