Siku Tuliyofungua Mafundo Yote

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kasansa, kiangazi kilikuwa majira ya kutumwa. Siku ninayoikumbuka nilikuwa nimeshachota maji na kuzoa samadi, na sasa nilifagia zizi huku jicho moja likiwa kwa Mabaka. Alikuwa mtamba mwenye mimba ya kwanza, na baba aliniahidi kwamba akizaa jike, ndama ni wangu. Sikuweza kutulia hata kidogo.

Uchungu ulimshika asubuhi. Mpaka adhuhuri zilikuwa zimetokeza kwato mbili tu. Baba akazifunga kamba, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, wapi! Mabaka akalala chini, macho yamemtoka, nami nikaanza kulia.

Hapo bibi, mama yake baba, akatoka jikoni. Alisema mnyama hawezi kuzaa kwenye boma lenye mafundo, maana kilichofungwa nje hufunga na tumbo. Akanituma nikafungue kila kitu. Mungu wangu, nilivyokimbia! Nilifungua magunia ya mpunga, kamba ya kuanikia nguo, na mbuzi wote, ambao walielekea moja kwa moja kwenye mihogo ya mama. Mama alilalamika, lakini nilimwona akifungua fundo la kanga yake kimyakimya. Bibi mwenyewe alinifumua nywele nilizosukwa jana yake, nikarudi zizini kichwa timtim.

Likabaki fundo moja tu, la kamba ya baba.

“Na hiyo,” bibi alisema.

“Mayu,” baba alimjibu mama yake, “nikiiachia ndama atarudi ndani.”

“Mwache arudi.”

Baba alikuwa mtu wa kanisa, na mambo hayo aliyaita ya kizamani. Lakini alikuwa amechoka, akaifungua. Ndama akarudi ndani kweli. Baba alipoingiza mkono kumtafuta, akakuta kichwa kimegeukia nyuma, akakinyoosha taratibu. Muda si mrefu ndama akateleza nje, mweusi, ameloa, jike! Nilimrukia bibi kwa furaha mpaka tukaanguka pamoja kwenye samadi.

Kwa miaka mingi baba alisema ni kichwa, bibi alisema ni fundo. Nami nilidhani lazima nichague upande.

Bibi ameshafariki. Mwaka jana mdogo wangu alishikwa na uchungu, tukampeleka hospitali mjini Mpanda. Mimi na baba tukakaa kwenye benchi la nje, mchana kutwa, bila la kufanya. Nikajikuta nimefungua fundo la kanga yangu. Niliona haya, kisha nikaelewa kwamba siku ile bibi alitupatia sote kazi ya kufanya wakati tunayempenda anaumia na hatuwezi kumsaidia. Nikamtupia baba jicho kuona kama ameniona.

Alikuwa ameinama, anatazama viatu vyake. Kamba zake zote zilikuwa zimefunguliwa.

“Miguu imevimba,” akasema, kabla sijamuuliza.