Kioo cha Impala

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, karani wa makontena huko Shimanzi, amenichosha roho. Kila Jumapili hufunga madirisha vumbi lisiingie, akazima feni, akaketi kuunganisha vigari vya plastiki, mifano ya magari ya zamani ya Kimarekani yenye mapezi kama papa. Mie hupanda kumchokoza. Lakini mtolee salamu akiwa na gundi mkononi: huzuia pumzi, ncha ya ulimi nje, akakuinulia nyusi basi. Mimi niliyepeleka malori Kampala yeye hajaota ndevu, ati najibiwa kwa nyusi.

Jumapili iliyopita alikuwa akibandika kioo cha mbele cha kigari cha Impala. Kioo hicho hakina cha akiba, na gundi ikikienea hufanya ukungu usiofutika.

“Bwana, ukiteleza hapo, kazi ya miezi mitatu imekwenda,” nikamwambia. Akaniinulia nyusi.

Mara mkewe akafungua mlango, na mamake huyo mke nyuma yake.

“Asalaam aleikum, mwanangu,” akasema yule mama.

Yule bwana akaachia kila kitu. Akasimama, akaitikia salamu mpaka mwisho wake, akambusu mkwewe mkono. Aliporudi kitini, kioo kilikuwa kimeteleza na gundi imekienea chote. Nikangoja alie.

Mama mkwe akavaa miwani, akakiinamia kigari. “Mbona ndani hakuonekani?”

“Huko kwao Marekani kunanyesha, mama,” akasema, akakibandika kioo vivyo hivyo.